Hukusema Niache Lini

Bagamoyo,
11 Machi 1944

Shemeji Rajabu,

Salaam nyingi, na nyingine nimezibakiza kwa kuwa karatasi ni ndogo. Sisi wazima. Mimi nimezidi unene, sijui kwa kula nini. Bado nashona kwenye baraza la duka la Saleh, na suruali niliyomshonea karani wa boma juzi ameirudisha, anasema mguu mmoja ni wa mtu mwingine.

Tangu mama yako alipofariki, Mungu amrehemu, nami nikarudi kutoka Mombasa kuja kukaa na mwanao, tumezoeana. Siku ya zamu yake ya kupika tunakula. Siku ya zamu yangu kuku wa jirani wananenepa. Mke wangu Ashatu, kama ulivyosikia, aliondoka na sufuria zake zote nzuri, kwa hiyo si kosa langu peke yangu.

Sasa neno lililoniketisha. Abdala anapigwa skuli.

Unaukumbuka mchezo wetu wa mafungu ya mchanga. Wakubwa huwakamata wadogo wawili, wakafinyanga mafungu mawili uwanjani, "Hili titi la mama yako, hili titi la mama yake," kisha wakasimama duara wangoje. Atakayelipiga teke la mwenzake kamtukania mama, na hapo ni ngumi mpaka damu. Mimi enzi zetu siku za mafungu nilikuwa na homa, unajua mwenyewe, homa iliyokuwa ikipona kengele ikilia.

Siku hizi mfinyanzi ni kijana aitwaye Seleman, mkubwa, ameanza kuota ndevu na bado yuko na watoto. Kila mara humchagulia Abdala mtoto yule yule mmoja wa kimo chake, wa watu wenye nafasi hapa mjini. Yule hulipiga teke titi la Abdala. Abdala halipigi la mwenzake. Husimama mikono ubavuni kama shati lililoanikwa, akapigwa mpaka wachoke. Wiki iliyopita alirudi na sikio limepasuka. Nikamwuliza, "Ulimfanya nini?" Akasema, "Mguu haukwenda, mjomba."

Sasa wakitoka darasani hujificha. Uwanjani hafiki ila kwa kuburutwa.

Wewe ni askari, nami ni fundi ninayeogopa sindano zangu mwenyewe. Nishauri.

Ni mimi shemeji yako,
Bwanausi

*

Jeshini, ng'ambo,
20 Mei 1944

Shemeji Bwanausi,

Barua imefika. Siruhusiwi kuandika niko wapi, na hata ningeruhusiwa nisingejua. Ni mvua, matope na ruba.

Jina la huyo mtoto hukuliandika. Si kitu. Mtoto ni mtoto, pua ni pua.

Nisikilize. Sajini wetu anatufundisha kuchoma kwa singe ya bunduki. Hutundika gunia la majani akasema, hili ni mtu. Mwenzetu mmoja, mpole, alisita mbele ya gunia. Sajini alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, akamwambia adui hatakungoja umalize kufikiri. Yule bwana alitema meno matopeni. Sasa hasiti. Na mimi sisiti.

Mwambie Abdala kwa maneno haya haya, usiyapunguze. Titi la mwenzako lipige teke kabla hajalipiga lako. Akikujia mpige puani, kwa kuwa pua ikiumia macho hujaa machozi na hakuoni tena. Kisha mwangushe. Akianguka usimwache ainuke. Mama yake Abdala alikufa akimzaa. Akiliacha titi lake likanyagwe, amemwacha afe mara ya pili.

Na asirudi nyumbani analia.

Rajabu

*

Bagamoyo,
17 Septemba 1944

Shemeji Rajabu,

Barua yako ilifika Julai nami nikaikalia. Usinikasirikie. Niliisoma peke yangu nikaona moto wake utaunguza mtoto na mimi pamoja, nikasema kwanza nimfundishe mieleka, kisha nimsomee. Askari hapewi amri kabla hajapewa silaha, si ndivyo?

Basi kila alasiri, nikishafunga cherehani, tunaingia uani. Mafunzo yamenigharimu mimi zaidi. Siku ya kwanza nilimwonyesha namna ya kumshika mtu miguu, akanishika, nikaenda chali juu ya pasi ya makaa ambayo nilikuwa sijaizima. Kwa wiki nzima nilishona nimesimama. Wateja wakawa wanauliza kama ni mtindo mpya wa Mombasa. Lakini amejifunza. Ananiangusha sasa kama gunia la nazi, tena huniomba radhi kabla sijafika chini.

Nilidhani yamekwisha. Jumatano nikamwona anarudi, mdomo umejaa damu. Jino la mbele limevunjika kati. Nguvu anazo, Rajabu, nami nina makovu ya kulithibitisha hilo, lakini uwanjani mguu unagoma. Na safari hii Seleman hakufinyanga titi. Alilirefusha fungu la Abdala kama kaburi, akaweka na jiwe kichwani, akasema, "Huyu mama yake yuko huku, tumfanyie haki." Yule mtoto mwingine akaliruka kaburi akatua katikati kwa miguu yote miwili. Kisha akampiga Abdala kwa lile jiwe.

Hapo nikaitoa barua yako. Nilimsomea jana, sikupunguza neno. Alinishikia taa ya kandili mpaka nikafika mwisho.

"Mjomba," akasema, "baba anajua lile titi jingine ni la nani?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukata uzi, sindano iko mdomoni. "Baba yako anajua kila kitu."

"Anajua, na bado kasema nilipige teke?"

"Si umesikia mwenyewe?"

Akatazama miguu yake kama mtu anayetazama viatu vya kuazima. Halafu akasema, "Basi." Akaenda kulala bila kula, na ilikuwa zamu yake ya kupika, kwa hiyo palikuwa na chakula.

Kesho ni siku ya skuli. Nitakuarifu. Leo koti la mteja nimelishona mfuko kwa nje, kana kwamba ni mimi ninayekwenda.

Bwanausi

*

Bagamoyo,
30 Septemba 1944

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Mjomba mzima. Naandika hii mwenyewe, mjomba hakuiona.

Nimefanya ulivyosema. Seleman alifinyanga mafungu mawili, moja langu na moja la Hamoudi. Hamoudi wa mama Thuwaiba, wa duka la Saleh. Nililipiga teke la Hamoudi kabla hajalipiga langu. Nilidhani litakuwa gumu. Ulikuwa mchanga tu.

Hamoudi hakunirukia. Alisimama anautazama ule mchanga. Hakuna aliyewahi kulipiga teke la kwake. Mimi nikampiga puani, damu ikatoka nyingi kuliko nilivyodhani, na macho yakajaa machozi kama ulivyosema, hakuniona. Nikamshika miguu kama mjomba alivyonifundisha. Aliangukia ngazi ya saruji ya darasa letu. Mkono ulilia kama ukuni ukivunjwa. Akaanza kupiga kelele anamwita mama.

Nikamkalia nikaendelea kumpiga. Alisema Abdala basi, Abdala basi. Wewe hukusema niache lini, kwa hiyo sikuacha. Mwalimu ndiye aliyenivuta shati likachanika. Nilichapwa viboko mbele ya skuli nzima, sikulia. Sikurudi nyumbani nalia.

Mama Thuwaiba alikuja kumchukua Hamoudi. Aliniona. Aliniuliza, "Abdala, ni nani kakutuma kunipiga teke?" Nikamwambia ni wewe. Akaniuliza tena, "Rajabu?" Nikasema ndiyo, ameandika barua. Hakunigombeza. Aliweka mkono kifuani akaondoka.

Jumapili nilikwenda kwake kama siku zote, aniwekee uji wa mchele. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisikia watu ndani.

Sasa siogopi uwanja. Watoto wananipisha nikipita. Seleman amenipa goroli zake.

Baba, naomba uniandikie. Unanisifu?

Mwanao,
Abdala

*

Hospitali ya jeshi,
2 Novemba 1944

Shemeji,

Mkono huu si wangu. Anayeandika ni Mwishehe, mtu wa Pangani, tumelazwa vitanda jirani. Mimi mkono wa kulia wamenifunga mpaka begani na sijaambiwa kuna nini ndani ya bandeji.

Barua ya mwanangu nilisomewa hapa. Mwishehe alitaka kurudia mahali pale pa mwisho nikamkataza.

Kwa nini hukuniandikia kwamba ni Hamoudi? Hilo tu nitakuuliza, kisha sitakuuliza tena. Najua baraza unaloshonea ni la nani. Ulidhani nikijua nitamwandikia baba yake, Saleh, matusi, naye akuondoshe na cherehani lako.

Sasa nikwambie usilolijua, kwa kuwa ulikuwa Mombasa, na hata matangani hukuwahi kufika. Dada yako Mwanvita alipokufa, mtoto alilia siku nzima kwa njaa. Mama yangu alimpa maji ya sukari kwa kitambaa, akatapika. Jioni Thuwaiba alikuja. Alikuwa amejifungua Hamoudi, hata arubaini hajatoka, na wazee wa nyumbani kwake wamemkataza kuvuka kizingiti. Alivuka. Alikaa juu ya jamvi, maiti iko upande wa pili wa pazia, akampa mwanangu titi la kushoto huku Hamoudi yuko la kulia. Alimnyonyesha mpaka akaacha mwenyewe. Abdala na Hamoudi ni ndugu wa kunyonya kwa sheria ya dini, hata binti wa mmoja haozwi kwa mwenziwe. Mpwa wako anajua tangu aanze kusema. Nilimfundisha mimi kumwita Thuwaiba mama.

Ndiyo maana mguu ulikuwa hauendi. Nami nikautuma.

Kuna jambo jingine. Tuliingia kijiji kimoja mvua inanyesha. Nyuma ya ghala alitokea kijana, adui, bunduki yake ameielekeza kwangu. Alisita. Sijui aliona nini, labda hajawahi kuona mtu mweusi. Mimi sikusita. Nilimchoma singe chini ya mbavu, ikakwama, nikamkanyaga kifua ili niichomoe. Alinishika kifundo cha mguu akasema neno moja, analirudia, analirudia. Sikulijua neno lile. Tangu nilipopata barua ya Abdala, nalijua, alikuwa anamwita mama.

Mpeleke mtoto kwa Thuwaiba. Maneno ya kumpelekea sina. Mpeleke tu.

Rajabu

*

Bagamoyo,
10 Desemba 1944

Shemeji Rajabu,

Barua yako ya hospitalini imefika leo asubuhi, nimeisoma baraza zima likiniangalia. Imenikuta nimekwisha kujua, na nimejua kwa njia inayonifaa mimi, yaani nikiwa nimejificha nyuma ya choo cha walimu. Swali lako moja jibu lake ni ndiyo. Niliogopa kuhamishwa barazani. Sina la kuongeza.

Nianze mwanzo. Baada ya vita vile Abdala alibadilika. Wewe ungefurahi, kwa namna ulivyokuwa Mei. Seleman akawa anamfinyangia mafungu kila siku na mtoto mpya, naye hasubiri hata kuambiwa hili la nani. Teke, ngumi, mtoto chini. Mjukuu wa muadhini alipasuliwa nyusi. Mmoja alipigwa tumboni akatapika maembe mabichi. Wazazi wakawa wanakuja kwangu kulalamika, nami nawapunguzia bei ya kushonewa. Nyumbani alikuwa hasemi. Nikimwambia lete maji, ananitazama, nami nainuka nikayachote mwenyewe. Kulikuwa na siku nilimwita "bwana" bila kukusudia.

Jambo moja tu lilikuwa linamshinda. Kupita mbele ya duka la Saleh. Alikuwa anazunguka kwa uchochoro wa nyuma, kwenye mifupa ya samaki, ilimradi asipite pale. Nikadhani anaogopa kipigo cha Saleh, kama nilivyodhani uji wa kila Jumapili kule ndani aliufuata kwa sababu ya zamu zangu za kupika. Nimefikia umri huu, Rajabu, na bado nadhani.

Hamoudi alikaa ndani muda mrefu. Mfupa uliunga vibaya, mganga wa viungo akauvunja upya. Nilikuwa barazani, Saleh hajanifukuza ila haitikii salamu, natia vifungo, nikausikia ule ukelele kupitia ukutani, nikajichoma sindano kidoleni mpaka kwenye kucha. Katikati ya Novemba akarudi skuli, mkono umefungwa kwa vibanzi vya mianzi, mgumu kama kasia.

Siku hiyo nikaona vijana wakubwa wanapita barabarani wanachekeana, "Leo mafungu, leo mafungu." Nikaacha kazi. Nilipanga niingie uwanjani kwa ukali, niwatawanye. Nilipofika pale nikakumbuka mimi ni nani, nikaenda nyuma ya choo.

Seleman alikwisha kufinyanga. "Haya, wanaume. Hili la mama yake Hamoudi. Na huyu," akampiga Abdala begani, "la kwake kaburi, kama kawaida. Abdala, malizia kazi. Umebakiza mkono mmoja."

Wakacheka. Hamoudi alikuwa amejikunyata, mkono wa vibanzi ameukumbatia, anarudi nyuma na duara linamsukuma mbele.

Abdala hakupiga teke. Nikaiona miguu yake, shemeji. Suruali ya kaki niliyoishona mimi ilikuwa inacheza juu yake kama bendera. Kijana aliyekuwa amewapasua nusu ya skuli alikuwa anaogopa kuliko nilivyopata kumwona. Akapiga magoti, akalikumba lile kaburi kwa mikono yote miwili, akalisukuma mpaka likachanganyika na fungu la Hamoudi.

"Titi letu moja," akasema. Akarudia. "Mimi na Hamoudi titi letu moja. Mama yake kaninyonyesha."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Ala, kumbe umekulia dukani." "Mtoto wa askari wa keya kanyonya kwa Waarabu." Nami kule nyuma ya choo nikakaa chini palepale, mahali ambapo mtu hakai.

Seleman akamgeukia Hamoudi. "Kweli huyu ndugu yako?"

Hamoudi akatazama chini. Alikuwa analijua tangu siku zote, na sasa nimefahamu kwa nini ndiye aliyekuwa akimpiga kuliko wote. Hakutaka wenziwe walijue.

"Usiseme ukiwa hutaki," Abdala akamwambia. "Mimi nimekwisha sema." Akasimama mbele ya fungu. "Anayetaka kulipiga teke aanze na mimi."

Seleman akaanza naye.

Nisikudanganye, hakushinda. Yule ni mwanamume mzima. Alimpiga Abdala ngumi ya shavu akaenda chini, akainuka. Akampiga ya tumbo akaenda chini, akakaa kidogo, akainuka. Akamkanyaga mbavu. Damu ilikuwa inamtoka puani na kwenye lile jino, anaitema, anainuka, anarudi kusimama mahali palepale. Hakurusha ngumi hata moja. Alikuwa anasimama tu, na kila akisimama kicheko kinapungua, mpaka ikabaki sauti ya ngumi peke yake. Ni sauti mbaya, Rajabu, ngumi uwanjani bila kelele za watu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Seleman akaokota jiwe.

Hapo Hamoudi alipiga ukelele kama mtu aliyeungua. Akauinua ule mkono wa vibanzi kwa mkono mwingine, akamshushia nao Seleman shingoni. Vibanzi vikaruka huku na huku. Sijui nani aliumia zaidi, kwa sababu Hamoudi alilia kwa sauti na huku anapiga tena, na alipoishiwa mkono akamwuma Seleman paja, meno yakazama. Abdala akamrukia yule mkubwa mgongoni. Wakaanguka wote watatu juu ya mchanga.

Nikatoka mafichoni kwenda kuamua. Kiwiko cha nani sijui kikanipata puani, na kweli, macho hujaa machozi na huoni. Ulisema sawasawa.

Mwalimu alipofika Seleman alikuwa anakimbia huku ameshika paja. Mimi nikawachukua wawili, mmoja kila upande, sote watatu tunachuruzika damu, nikapita nao barabara kuu mpaka duka la Saleh. Abdala alipouona mlango akataka kuchomoka. Nikamshika. Mara moja maishani nilimzidi nguvu, na ni kwa kuwa alikuwa amechoka.

Thuwaiba alitokea na unga mikononi. Akawatazama. Akanitazama na mimi, akaona hapana maana.

"Nani kaanza?"

Wote wawili wakatazama unga mikononi mwake.

"Nauliza nani kaanza."

"Mimi, mama," Abdala akasema. "Ile siku ya kwanza. Nilikupiga teke."

Akamtandika kofi, unga ukabaki shavuni. Akamgeukia Hamoudi, "Na wewe, habari ninazo, umelikanyaga kaburi la mama yake," akamtandika la kwake, mkono mmoja huohuo, kishindo kilekile. Kisha akawakalisha wote wawili kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, wamebanana, akaleta beseni la maji na chumvi, akaanza kuwaosha. Alikuwa anasugua kama mtu anayesafisha sufuria, nao wanagumia, na yeye machozi yanamdondoka kwenye maji na anagomba pasipo kunyamaza.

Mimi nilisubiri ukumbini. Jua lilipozama nikapiga kikohozi, nikasema, "Basi dada Thuwaiba, nimchukue mtoto twende."

Akaniuliza, "Umpeleke wapi?"

Nikachungulia. Mle ndani walikuwa wamekwisha lala juu ya mkeka mmoja na midomo yao imevimba. Nikamwambia hakuna, nilikuwa nauliza tu, nikarudi nyumbani peke yangu.

Shemeji yako,
Bwanausi